Namba Mia Moja na Kumi na Tano

Ijumaa, 6 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata paka. Babu hakuwahi kupuliza filimbi vitani. Alikuwa mpishi.

Basi. Nimeandika.

Insha ndiyo iliyoniponza. Mwalimu wa lugha alitaka tuandike juu ya shujaa wa familia. Nikaanza na ukweli: Babu yangu alipika maharage jeshini. Nikausoma ule mstari mara ya pili. Nani ameshinda kwa maharage? Nikaufuta. Uongo niliuanzia kwa lugha ya shule, maana kwa lugha ya nyumbani ulimi ulikataa. Lugha ya shule haijui kwetu. Haijamwona Babu akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. Ikateremka yenyewe: mto, ukungu wa alfajiri, adui wananyata, na Babu anapuliza filimbi mara tatu kuamsha kikosi kizima. Mwishoni nikaongeza, kwa madoido tu, kwamba filimbi hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya kambi ya jeshi.

Sentensi ile ya mwisho! Si ningeitafuna kalamu nikanyamaza?

Leo insha imesomwa mbele ya shule nzima. Nimekuwa wa kwanza, na zawadi nimeahidiwa. Kisha Mwalimu akatangaza kwamba ameandika barua kambini, wamekubali ziara, na Alhamisi darasa zima linakwenda kuiona filimbi. Mimi nitasimama kando yake na kueleza kwa lugha zote mbili. Mimi! Nikiitwa kwenye mahudhurio natoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Spika akanyoosha mkono. Spika anakaa dawati la nyuma yangu. Jina hilo alipewa kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Akasema, kwa upole (Spika akiwa mpole, kaa chonjo), kwamba ameshakwenda makumbusho hayo mara mbili na mjomba wake na hakumbuki filimbi yoyote. Mwalimu akamwambia aache kijicho. Akakaa. Halafu akanong'ona kisogoni kwangu: haya, mjukuu wa shujaa, Alhamisi si mbali.

Babu naye amealikwa. Kama askari mstaafu.



Jumamosi, 7 Machi

Nimekwenda kambini peke yangu kupeleleza. Jumamosi raia wanaruhusiwa. Mama nimemwambia naenda maktaba.

Getini askari ameniuliza nakwenda wapi. Sauti ikaenda likizo. Nikaonyesha kibao kwa kidole. Akachukua kitambulisho changu cha shule, akapekua mkoba, akatazama hata ndani ya kopo la penseli. Mzee aliyekuwa nyuma yangu, mwenye koti na mkongojo, alipigiwa saluti akapita bila kuguswa. Nimeliweka hilo akilini.

Makumbusho ni chumba kimoja kirefu, zamani ghala la risasi. Madirisha yako juu kabisa. Makabati manne ya kioo. Kofia ya chuma yenye tundu. Buti la kushoto bila mwenzake. Redio ya mawasiliano, tandiko la nyumbu, mashine ya taipu isiyo na herufi mbili. Mtunzaji ni sajini mstaafu, mkavu kama kamba ya kuanikia nguo. Nilimwuliza kama wana filimbi. Nilimwuliza kwa kuandika kwenye karatasi. Akasoma, akatikisa kichwa kwa huzuni. Kila kikosi kilikuwa na filimbi, alisema, lakini yeye hajabahatika kupata hata moja.

Hajabahatika! Mtu kama huyo si anahitaji msaada?

Saa kumi kamili akafungua daftari na kuita mahudhurio. Ya vitu! Anaviita kama askari, kwa namba, na kila kimoja lazima kiitikiwe. Kwa kuwa nilikuwapo, nikapewa kazi ya kuitikia. Namba kumi na saba, buti la kushoto! Yupo. Sikusikii! Yupo! Mara mia moja na kumi na nne. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja, hata kama yote yalikuwa neno moja.

Anafanya hivyo saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mwaka wa kumi na moja sasa. Kitu kikipungua, geti la kambi linafungwa na hatoki mtu. Alisema na mengine kuhusu kitu kikizidi, akainua na kidole, lakini sikusikiliza vizuri, maana nilikuwa natazama komeo la kabati la tatu. Halifungi sawasawa.

Kwa bahati nzuri mimi si mwizi. Mimi siondoi kitu. Naongeza.

Jumatatu, 9 Machi

Filimbi imepatikana. Ni ya Kocha, mwalimu wetu wa michezo. Huitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo ya mipira. Nimeiazima. Kuazima bila kumwambia mtu, ili asisumbuke.

Ina mkanda wa bluu umezungushwa mdomoni kwa sababu Kocha ana jino bovu. Nimeubandua wote, isipokuwa kipande kidogo kilichogoma kabisa. Inang'aa mno. Filimbi ya vitani haing'ai hivi. Nimeisugua kwa jivu, siki na chumvi, nikaifukia kwenye kopo la maua. Mama akalimwagilia maji, akasema leo nimependa maua, ni jambo jema. Nikalia chooni kidogo.

Kocha amechezesha mpira mchana kutwa kwa kupiga makofi. Hakuna aliyesikia. Wachezaji wanane waligongana.

Jumatano, 11 Machi

Kadi ya maelezo tayari. Lugha mbili, herufi za taipu, na zile herufi mbili zinazokosekana nimeziacha wazi kama kwenye kadi za Sajini. Nani mwingine angekumbuka hilo? Juu nimeandika Na. 115, maana ya mwisho ni 114. Utaratibu ni utaratibu.

Babu amepiga koti lake pasi mwenyewe, mara mbili. Amesema hajakanyaga kambi ile tangu alipoachishwa jeshi. Wapishi hawaalikwi, alisema, wapishi huitwa. Aliniuliza niliandika nini kumhusu. Nikasema mambo ya kawaida. Akataka nimsomee. Nikasema Mwalimu amebaki nayo. Akasema haya mjukuu wangu, nitangoja.

Halafu akapika maharage ya kutosha watu kumi na tano. Sisi tuko watatu. Ndivyo alivyo, miaka yote. Mama alishachoka kusema.

Filimbi sasa ina madoa mazuri ya kutu. Nimeipima mfuko wa koti la Babu. Inaingia.

Alhamisi, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia getini.

Wanafunzi thelathini na wanane, pamoja na Mwalimu na Kocha waliotusindikiza, tumepekuliwa mmoja mmoja. Spika walimvua hadi soksi. Babu akapigiwa saluti, akapita na mkongojo wake. Filimbi na kadi zikapita naye, kifuani, mfuko wa kushoto.

Tuliingia makumbusho saa tatu na nusu. Nilikuwa na nusu saa kabla ya mahudhurio. Spika alinifuata kama mkia. Nikisimama, anasimama. Nikijifanya nasoma kadi, naye anasoma, kwa sauti. Nikaenda kwa Babu.

Babu alikuwa amesimama mbele ya kabati la nne, namba sitini na moja. Duara la chuma jeusi lenye mshikio, limebonyea ukingoni. Kadi inasema: Ngao ndogo? Matumizi hayajulikani. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo na mabega yake yanatikisika. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka.

Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ule ni mfuniko wake. Wa sufuria yake kubwa. Pale palipobonyea alimpiga nao koplo aliyekuwa akidokoa nyama. Na zile chale ukingoni ni yeye aliyezichora kwa msumari, chale moja kwa kila mdomo wa kulishwa, arobaini. Siku moja, alisema, alipika kwa ajili ya arobaini, wakarudi ishirini na sita. Alikaa na sufuria ile mpaka ikapoa. Tangu siku hiyo hajui kupika chakula kidogo, mkono unakataa. Akasema mahudhurio yakiisha atamweleza Sajini, ili waandike kadi upya. Nikasema eeh, Babu.

Haya yote nayaandika sasa ndiyo nayasikia. Wakati ule sikusikia. Wakati ule vidole vyangu vilikuwa mfukoni mwake.

Spika aliitwa na Mwalimu kwa sababu ya kuvaa kofia ya chuma yenye tundu. Sekunde kumi! Komeo la kabati la tatu, kioo, filimbi, kadi, kioo. Nikarudi ukutani. Jasho mpaka kwenye viwiko.

Saa nne. Sajini akafungua daftari. Kwa heshima ya wageni, alisema, leo askari wake wataitikiwa na vijana. Kila mmoja vitu vitatu vitatu. Hesabu inalingana kabisa, thelathini na wanane mara tatu, na Sajini alifurahi kama mtu aliyeota ndoto njema. Yupo! Yupo! Yupo! Mimi mwenyewe niliitikia za kwangu na nikasikika. Tukafika mia moja na kumi na nne. Sajini akafunika daftari.

Ndipo Spika akapaza sauti kutoka kabati la tatu: na mia moja na kumi na tano, afande! Filimbi! Yupo!

Alitaka kunifurahisha. Nilimwona usoni. Alikuwa ameiona filimbi, na alikuwa anaomba radhi kwa njia yake.

Sajini alitembea mpaka kabati la tatu, akasoma kadi yangu, akarudi nyuma hatua tano bila kugeuka. Kisha akainua simu ya ukutani. Aliongea maneno mawili: imezidi moja.

King'ora.

Sasa ninajua aliinua kidole kwa ajili gani Jumamosi ile. Kikipungua, ni mwizi. Kikizidi, ni bomu mpaka ithibitike vinginevyo. Zamani mtu aliwahi kuacha zawadi kwenye rafu ya kambi moja, na watu hawakutoka wote.

Tulitolewa mbio. Uwanja wa gwaride, mistari mitatu, juani, mikono wazi. Askari pande zote. Geti likafungwa, nikalisikia likigonga. Mtoto mmoja akaanza kulia, wakafuata sita. Mwalimu alishika msalaba wa shingoni na rejista, sijui kipi kwa nguvu zaidi. Saa nzima. Babu alisimama wima akikataa kiti.

Akaja mtu aliyevaa mavazi mazito kama godoro, kofia kama ya mfuga nyuki. Akaingia peke yake. Nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Nikawaza: akifa humo ndani kwa hofu tu, nimeua mtu kwa filimbi ya mpira.

Alitoka na koleo refu, na mwisho wa koleo, filimbi. Akaizamisha kwenye ndoo ya mchanga. Akangoja. Akaitoa. Akaitikisa. Ikafanya prrr.

Hakuna aliyecheka.

Kapteni wa kambi akaibeba mstarini, akauliza ni ya nani. Alipofika kwa Kocha alimwonyesha karibu kabisa, na kile kipande cha bluu kilikuwa kinaonekana kama bendera. Kocha akakitazama. Akasema hajawahi kumiliki filimbi maishani mwake.

Kapteni akasema hatoki mtu mpaka mwenyewe ajulikane. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua. Neno "mimi" ni fupi, lina herufi nne, na mbili zinajirudia. Halikutoka.

Babu akapiga hatua mbele. Akasema filimbi ile ilipita getini mfukoni mwake, kwa hiyo ni yake.

Wakamchukua. Saa mbili nzima. Aliporudi, jina lake lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye daftari la getini: haruhusiwi kuingia tena, maisha. Sajini alimsindikiza bila kumtazama. Alimwambia miaka kumi na moja geti halijafungwa kwa sababu ya makumbusho yake, mpaka leo, na kwa mkono wa askari mwenzake. Habari za mfuniko Babu hakuzisema. Nani angemsikiliza?

Kwenye basi Mwalimu alisema kwa kunong'ona kwamba ameelewa kila kitu. Babu alitaka kuirudisha filimbi yake kwa siri, kwa unyenyekevu, kama mashujaa walivyo. Machozi yalikuwa yanamlenga. Zawadi yangu iko palepale.

Spika alikaa kiti cha nyuma yangu. Hakusema neno njia nzima. Afadhali angesema.

Ijumaa, 13 Machi

Babu alinisubiri jikoni nilipotoka shule. Akasema alihisi mkono wangu mara mbili, ukiingia nyumbani na ukitoka kule. Mpishi wa jeshi asiyehisi mkono, alisema, kikosi kitalala njaa. Nikangoja anipige na upawa. Hakunipiga. Alitaka nimsomee insha tu.

Nikaisoma, nikiigeuza kwa lugha ya nyumbani mstari kwa mstari. Ule ulimi uliokataa mara ya kwanza, leo ulilazimishwa. Mto. Ukungu. Filimbi mara tatu. Kila neno lilikuwa na mfupa.

Babu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja: na huyo bwana, alipomaliza kupuliza, alikula nini?

Nikaikunja insha.

Akaenda kulala mapema. Maharage hakugusa. Mama akauliza kuna nini humu ndani. Nikasema joto.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda getini asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa! Nilikariri njia nzima: afande, filimbi niliiweka mimi, babu yangu hana kosa, na namba sitini na moja si ngao. Sentensi moja. Askari akaniuliza shida yangu. Mara tatu. Nyuma yake, dirishani, nilimwona Sajini akiwa na daftari. Angenisikia hata nikikohoa. Nikatazama viatu vyangu. Askari akasema, binti, kama huna shida, usizibe njia.

Nimerudi.

Nimekaa kitandani saa mbili nikifikiri kwa utulivu, kama mtu mzima. Ukweli una kasoro moja: lazima usemwe, na mbele ya watu. Ipo njia nyingine. Babu haruhusiwi kuufuata mfuniko wake. Sawa. Mfuniko umfuate Babu.

Jikoni tuna sufuria kubwa, ile ya maharage ya watu kumi na tano. Mfuniko wake unalingana na ule wa kabatini, nimekadiria kwa shibiri. Mchana huu nimeuchoma kwa moto wa mkaa mpaka umekuwa mweusi tii. Nimeubonyeza ukingo kwa nyundo. Sasa hivi nachora chale kwa msumari. Nimefika ya thelathini na moja. Jumamosi ijayo nitauvaa chini ya sweta. Saa kumi Sajini ataita namba sitini na moja, nami mwenyewe nitaitikia: yupo! Vitu mia moja na kumi na vinne. Geti litabaki wazi.

Kosa langu la kwanza nimeliona wazi kabisa na sitalirudia. Safari hii siondoi. Wala siongezi. Nabadilisha. Nimefikiria kila kitu.

Mkongojo. Ukumbini. Babu anamwuliza Mama, kwa sauti, maharage yanachemka yanamwagika, mfuniko wa sufuria kubwa umekwenda wapi.

Mama anasema hajui. Mama anasema hebu muulize mjukuu wako, tangu mchana chumbani kwake kunanuka moshi.

Mkongojo unakuja. Mfuniko chini ya mto. Mto umeinuka kama kilima! Nitaukalia. Daftari hili ni